Rekoda ya Mamilioni, Sauti ya Upepo: Mastaa Wetu Wanatujaza

Juzi kati nimekaa zangu kwenye daladala, foleni ya Ubungo haiendi wala hairudi, nikafungua simu nikakutana na klipu ya staa mmoja wa vlogu za kutalii. Simtaji jina na msinisumbue inboksi, mnaomfuata mtamjua tu. Yuko ufukweni, shati la maua, miwani myeusi, mkononi kashika rekoda yenye vitufe kibao. Anasema kama unatoka nje kurekodi sauti na huna mashine ya aina hii, basi wewe bado unacheza, kaa tu na simu yako.

Sasa kichekesho kiko hapa. Klipu yenyewe imewekewa muziki mwanzo mwisho. Kuna sekunde kama 5 hivi muziki unapungua, na pale ndipo unapata sauti halisi ya hiyo mashine. Wadau, nawaapia, ni kama mtu anaburuta gunia kwenye lami. Upepo mtupu. Bahari iko nyuma yake, wimbi linaonekana kabisa linavunjika, lakini halisikiki. Ndiyo maana ikabidi muziki uwekwe.

Nikashuka kwenye komenti sasa. "Bro hiyo inauzwa duka gani?" "Naanza kudunduliza leo." Kuna mdogo wetu mmoja kaandika anauza laptop yake ili aipate. Hapo ndipo nikashindwa kunyamaza. Hii stori naijua, na mwisho wake naujua, kwa sababu ilishanikuta.

Kisa changu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Pangani. Kama una bibi wa pwani unajua mambo yao: ukifika anakuita "mume wangu", anakuuliza pesa ya matumizi iko wapi, halafu ndio anaitikia shikamoo yako. Bibi alikuwa na nyimbo za kutwanga, zile walizokuwa wakiimba kinuni, michi miwili au mitatu inapokezana. Hazipo YouTube. Mama anajua vipande vipande. Mimi najua kuitikia tu.

Nikaamua nizirekodi. Lakini kwa kuwa nilishajazwa upepo na mastaa kama huyu, nikaona kurekodi kwa simu ni aibu. Nikaanza kudunduliza. Mwaka wa kwanza haikutosha. Mwaka wa pili dola ikapanda, na bei nayo ikapanda. Mwisho nikamwangukia prodyuza mmoja mwenye jina hapa mjini, akaniazima ya kwake. Aina ile ile aliyoshika staa wetu. Nikaipakata kwenye basi la Tanga kama mtoto mchanga.

Ilikuwa mwezi wa 7, kusi imeshika kwelikweli. Bibi akawaita jirani zake wawili, wakaweka kinu chini ya mwembe uani. Nikaiweka mashine juu ya kigoda, nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka, nikajiona niko Hollywood. Wakaimba saa nzima na ushee. Kuna mahali bibi alisahau, jirani akamkumbusha, wakacheka mpaka mchi ukasimama, kisha wakaanza upya. Sikuvaa hedifoni. Nizivae za nini wakati taa inawaka?

Niliporudi Dar nikafungua faili. Gunia kwenye lami. Nikaruka dakika 10 mbele, gunia. Dakika 30, gunia. Nikampelekea yule prodyuza mwenyewe, akasikiliza, akatikisa kichwa. Katika saa nzima na ushee ile, sehemu iliyotoka safi ni sekunde 40, pale upepo ulipotulia kidogo. Nikajisemea poa tu, nitarudi wakati wa Idi.

Mwezi wa 10 bibi akapata kiharusi. Sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Yeye mwenyewe akafuata kabla Ramadhani haijaingia.

Simlaumu aliyeniazima, na mashine nayo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kichwani mwangu. Nilitumia miaka miwili kuwaza ninunue rekoda gani, na sikutumia hata dakika moja kuwaza naenda kurekodi wapi. Kitu ambacho kingeniokoa kilikuwa kipande cha manyoya cha bei ya sahani ya chipsi kuku.

Upepo ndio bosi wa nje

Tusidanganyane. Ukitoka nje ya nyumba, adui yako namba moja ni upepo, na hauangalii umenunua nini. Ndani ya maiki kuna ngozi nyembamba sana inayotikiswa na sauti. Upepo ukiipiga moja kwa moja unaitikisa kuliko sauti yoyote, na ile ngurumo unayoisikia baadaye haikuwepo hewani, imetengenezewa hapo hapo kwenye maiki. Ndiyo maana ukiwa ufukweni masikio yako yanasikia bahari, rekoda inasikia gunia.

Kile kisponji cheusi kinachokuja kwenye boksi ni cha pumzi ya mtu anayeongea ndani ya chumba. Nje kinasaidia kidogo mno. Dawa ni kofia ya manyoya marefu inayovalishwa juu ya maiki, ile inayofanana na paka aliyelala. Manyoya yanaupunguza upepo kasi kabla haujaifikia maiki, sauti inapita. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya kununua rekoda, anza na hiyo kofia. Kama bajeti inaingia rekoda bila kofia, basi bajeti haijatimia, shuka uchukue rekoda ndogo zaidi yenye kofia.

Na msiniambie "nitausafisha upepo kwenye kompyuta". Hiyo chai. Rekoda nyingi zina kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, kiwashe, kinasaidia upepo mdogo. Lakini upepo uliofunika sauti ya mtu hautoki bila kutoka na mtu mwenyewe.

Biti 32 na kiki zake

Siku hizi kwenye maboksi kuna maandishi makubwa: 32-bit float. Mastaa wanaitamka kama dua. Niwaelezee kwa lugha ya nyumbani. Kwa rekoda za kawaida lazima upange mwenyewe kiasi cha sauti kinachoingia. Ukipanga juu sana, mtu akipiga kelele sauti inapasuka, basi tena. Rekoda za biti 32 zinachukua kuanzia mnong'ono mpaka kelele bila wewe kugusa kitu, halafu unarekebisha baadaye. Zoom H1essential, iliyotoka mwaka 2024, haina hata kitufe cha kupanga. Unawasha, unarekodi.

Ni kitu kizuri, sibishi. Kwa mtu anayerekodi peke yake, harusini au mtaani, ambako hujui saa ngapi nani atapiga vigelegele, kinaokoa. Ila kisikilize mipaka yake. Biti 32 hazizuii upepo. Hazikusogezi karibu na unayemrekodi. Na haziokoi maiki iliyozidiwa yenyewe: ukiiweka mbele ya spika za singeli, maiki inaweza kupasuka kabla sauti haijafika kwenye hizo biti. Kila rekoda imeandikiwa desibeli inazoweza kuhimili, kwa mfano Zoom H1n imeandikiwa 120. Ngoma ukiikaribia sana unafika huko, kwa hiyo kabla hujalipa soma hiyo namba.

Umbali nao mnauchukulia poa. Nje kwenye uwazi, ukisogea kutoka mita 2 mpaka mita 1, sauti ya unayemrekodi inaongezeka kama desibeli 6, na kelele za barabara nyuma zinabaki pale pale. Hatua moja ya mguu, bure kabisa, inaweza kukupa zaidi ya kile ulichotaka kukilipia.

Kwani unaenda kurekodi nini?

Hapa ndipo pa kuanzia.

Kama ni kuongea na watu, bibi, mzee wa mtaa, mama lishe, fundi: rekoda ndogo ya mkononi yenye maiki zake mbili inatosha na chenji inabaki. Zoom H1n, H1essential, Tascam DR-05X, ukoo huo. Zile Zoom zinatumia betri mbili za AAA, hiyo Tascam mbili za AA, betri ambazo hata duka la Mangi mwisho wa barabara anazo. Umeme ukikatika Pangani hutafuti pawabenki.

Kama ni ngoma, matarumbeta, singeli ya mtaa: angalia zaidi ile namba ya desibeli na uwe na mahali pa kusimama mbali kidogo.

Kama ni sauti za kimya kweli, ndege wa alfajiri kule Amani kwenye Usambara, vyura, mvua ikianza mbali: hapo nakubaliana na mastaa, pesa inaongea. Rekoda ndogo ina mvumo wake wa ndani, "shiiii" ile, kwenye mazungumzo huisikii ila kwenye ukimya wa msituni ndiyo inayokuwa wimbo wenyewe. Mashine za bei zina umeme mtulivu zaidi. Lakini hapo napo kuna mtego. Chukua Zoom F3, kitu kidogo, kitulivu, cha biti 32, watu wa ndege wanakipenda. Kile hakina maiki hata moja ndani. Kina matundu mawili tu ya kuchomeka maiki zako, na maiki za kazi hiyo zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine. Kwa hiyo bei uliyoiona kwenye klipu ni ya boksi. Bado maiki, waya, kofia za manyoya na stendi. Mdogo wangu wa laptop, umeisikia hiyo?

Mtihani wa kuishika nao ni muhimu. Ukiwa dukani Kariakoo, mwombe muuzaji akuwashie, vaa hedifoni, kisha izungushe mkononi. Rekoda nyingi zinasikia vidole vyako kama radi. Kwa hiyo kistendi kidogo cha miguu mitatu si urembo. Muuzaji akikataa kukuwashia, aga kwa adabu uende duka la pili.

Na simu je?

Najua kuna wa kuniambia "bro, simu yangu mpya inarekodi safi". Kwa kuongea na mtu karibu, inawezekana. Shida ni kwamba simu imetengenezwa ipende maneno na ichukie mengine yote. Inapandisha na kushusha sauti yenyewe, inafuta kile inachodhani ni kelele. Sasa wewe umeenda kurekodi mvua kwenye bati, na kwa simu mvua ni kelele. Inakufutia ulichofuata.

Lakini kama leo huna kitu kingine, tumia hiyo hiyo simu. Tafuta programu inayohifadhi faili la WAV, weka simu kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati, kaa upande ambao ukuta unakukinga na upepo, sogea karibu. Na jamani, usirekodi bibi yako kwa voisinoti ya WhatsApp. Ile imebanwa ili ipite haraka kwenye bando, haikutengenezwa kwa ajili ya wajukuu. Ukitaka kumtumia mtu rekodi yako, itume kama dokumenti.

Kwa wenye rekoda: WAV, biti 24, kilohezi 48, inakula kama GB 1 kwa saa ya stereo. Kadi ya GB 32 inakupa karibu saa 30. Hakuna sababu ya kubana kwa MP3. Kama mashine yako si ya biti 32, acha namba zichezee karibu na -12, zisiguse 0. Na hedifoni za waya masikioni, muda wote. Taa nyekundu inakwambia mashine inarekodi. Haikwambii inarekodi nini.

Dada wa mtaani

Kuna dada mmoja, naye simtaji kwa sababu hapendi kujulikana, ana akaunti yake ya sauti za Dar. Feri saa 11 alfajiri samaki wakinadiwa. Wapiga debe Mbagala. Fundi cherehani akinung'unika. Wafuasi wake hawafiki hata robo ya wale wa staa wetu. Lakini ukivaa hedifoni ukazisikiliza, unageuka nyuma ukidhani kuna mtu kakugusa bega.

Nilimtafuta nikamuuliza anatumia nini, nikitegemea nitajiwe jina la kutisha. Akanionyesha: rekoda ndogo ya betri mbili, plastiki, imechubuka. Juu yake kavalisha manyoya aliyoyakata kwenye mkoba wa zamani wa mama yake akayashona kwa mkono, ndani yake kaweka sponji. Kaifunga kwenye mpini wa fagio ili iwafikie watu bila yeye kuwabana. Nikamuuliza, hujawahi kutamani kubwa? Akacheka: "Natamani sana. Lakini yule mzee wa Feri mwenye sauti nzuri hawezi kunisubiri nipate hela."

Niliondoka pale nimenyamaza, maana mimi nilimsubirisha bibi miaka miwili.

Mtu atasema hayo ni maneno ya kujifariji ya mtu asiye na hela. Sawa, ila angalia historia. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo na ala za watu wetu, enzi ambazo mashine za kurekodia zilikuwa mzigo wa kubebwa na gari. Hakuna cha biti 24 wala 32. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na rekodi zile bado zinasikilizwa mpaka leo. Wale wazee walioimba hawapo tena. Kilichofanya wasikike ni kwamba mtu alifika kwa wakati, akajua pa kuiweka maiki yake. Na mimi linaniuma hili: yeye alitoka mbali akafika. Sisi tuna rekoda inayoingia mfukoni na nauli ya Tanga, bado tunasubiri modeli mpya.

Kwa hiyo tunafanyaje?

Staa wetu sina ugomvi naye. Anakula matangazo yake, riziki haichekwi. Ugomvi wangu ni pale anapomfanya kijana mwenye simu na nia ajione hafai, aahirishe. Kuahirisha picha si kesi kubwa, ukuta wa Ngome Kongwe utaukuta tu mwakani. Mtu humkuti.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza, mtaje unayetaka kumrekodi na mahali alipo. Pili, tafuta kofia ya manyoya. Tatu, hedifoni za waya. Nne, rekoda ndogo kabisa inayotosha kazi hiyo, hata ya mkononi kwa mtu, mradi umeisikiliza kwanza. Tano, nenda wiki hii. Ukifika muombe ruhusa, kaeni upande usio na upepo, rekodi dakika moja, simama, isikilize. Ikiwa ni gunia, mnahama. Kama ningefanya hicho kitu kimoja tu cha dakika moja, leo ningekuwa na saa nzima ya bibi.

Zile sekunde 40 ninazo. Nimezihifadhi sehemu tatu tofauti. Ni pale aliposahau wimbo wakacheka. Mama akija kwangu ananiomba nimuwekee, akimaliza anasema tu "weka tena", na mimi naweka.

Mdogo wangu wa laptop, kama unasoma hapa: usiuze. Utaihitaji kuhariri.

Haya, uwanja wenu. Dondosha hapo chini unatumia rekoda gani, uliinunua au uliiazima, na sauti ya nani unataka kuiwahi. Na wewe staa, najua utaletewa hii linki kabla ya saa sita mchana. Ukikubali, nitakushonea kofia ya manyoya bure kabisa, rangi uchague mwenyewe. Sharti ni moja: klipu inayofuata, utusikilizishe bahari.